Kuziba Mivujo kwa Silikoni: Somo kwa Kamati za Parokia



Wapendwa wanakamati na wafadhili wetu, somo la ufundi la robo hii linahusu kitu kidogo kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi: tyubu ya silikoni ya kuzibia. Wengi wenu mmeiona ikipakwa kandokando ya sinki au kwenye fremu za madirisha ya vioo. Ni kitu chema kikitumiwa mahali pake, na ni hasara kikipakwa ovyo. Tumelichagua somo hili kwa sababu ya kisa kimoja ambacho mwandishi wa makala haya anahusika nacho, na si kwa sifa.

Kisa cha tanki lisilojaa

Katika parokia moja ya vijijini mkoani Dodoma, wafadhili walisaidia kujenga tanki la kuvuna maji ya mvua kando ya zahanati. Tanki lilikuwa la lita 20,000. Paa la zahanati lina ukubwa wa meta za mraba 90, na magata ya bati yalifungwa pande zote mbili. Kazi ilikamilika mwezi wa Septemba. Paroko alibariki, tukapiga picha, na hati ya makabidhiano niliisaini mimi kwa niaba ya ofisi ya mradi.

Mvua za msimu ule zilikuwa nzuri. Hata hivyo, mwanzoni mwa Julai tanki lilikuwa kavu. Sista mwuguzi alirudi kununua maji ya madumu kwa wenye mikokoteni ya punda, na akina mama waliokuja kujifungua wakaambiwa tena waje na ndoo ya maji, kama ilivyokuwa kabla ya mradi. Halmashauri ya Walei ikaandika barua kuomba tanki la pili. Barua iliandikwa vizuri, nami nilikuwa tayari kuiunga mkono.

Kabla ya kuituma nilikwenda kutazama, na safari hii ilikuwa Januari, mvua ikinyesha. Sista hakunipeleka kwenye tanki. Alinipeleka nyuma ya jengo, akaniwekea kiti upenuni.

“Fundi, siku zote unakuja kiangazi,” alisema. “Leo kaa hapa uangalie.”

Nilikaa nikaangalia. Magata yalikuwa yakimwaga maji katika maungio matatu. Tulitega ndoo ya lita 20 chini ya kila ungio, na kila moja ilijaa kwa muda wa dakika tano. Hizo ni lita 4 kwa dakika kwa ungio moja, lita 12 kwa yote matatu, na lita 720 kwa saa moja.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya meta 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Mvua ya milimita 20 kwa saa, juu ya paa la meta za mraba 90, ni lita 1,800. Tukiondoa sehemu moja ya tano inayorukia pembeni na kukauka juu ya bati, zinabaki lita 1,440. Kati ya hizo, lita 720 zilikuwa zinamwagika chini. Yaani nusu.

Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Tukichukua milimita 570, paa lile linaweza kuvuna kama lita 41,000 kwa msimu. Nusu yake ni lita 20,500. Kwa maneno mengine, tulikuwa tunamwaga chini tanki zima kila mwaka, huku tukiandika barua ya kuomba tanki lingine. Na hilo la pili lingesimama tupu kando ya la kwanza, kwa kuwa la kwanza lenyewe halikujaa.

Je, magata yale hayakuzibwa? Yalizibwa. Silikoni ilikuwepo katika kila ungio. Niliishika kwa vidole viwili nikaivuta, ikatoka nzima kama kamba, na upande wake wa chini ulikuwa na vumbi jekundu. Haikuwahi kushika hata siku moja.

Silikoni ni nini?

Silikoni ni aina ya mpira unaotengenezwa kiwandani, na asili yake ni madini yaliyomo katika mchanga. Ikiwa ndani ya tyubu huwa laini kama dawa ya meno. Ikitoka nje hukutana na unyevunyevu wa hewa na kuanza kuwa mpira. Juu hufanya ngozi kwa muda wa dakika 10 hadi 20, lakini ndani hukauka polepole, kiasi cha milimita 2 au 3 kwa siku. Kwa hiyo, ungio lililozibwa asubuhi lisimwagiwe maji jioni. Lisubiri siku nzima, na likiwa nene lisubiri siku mbili au tatu.

Sifa yake kubwa ni kunyumbuka. Bati hupanuka kwa jua la mchana na kusinyaa usiku. Saruji au rangi iliyopakwa kwenye ungio la bati hupasuka baada ya muda mfupi, lakini silikoni huvutika na kurudi. Pia haiozeshwi na jua upesi kama mipira mingine.

Udhaifu wake ni kwamba hushika juu ya kitu safi na kikavu tu. Haishiki vumbi, kutu inayobanduka, mafuta, wala maji. Na silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni ya zamani. Anayepaka mpya juu ya iliyobanduka anaongeza uchafu tu.

Aina mbili ambazo kila kamati inapaswa kuzijua

Aina ya kwanza hunuka siki inapokauka. Ni ya bei nafuu, hukauka haraka, na inafaa kwa vioo na vigae vya bafuni. Lakini ile asidi ya siki inayotoka hula bati la mabati na madini mengine, na haipatani na saruji wala lipu.

Aina ya pili hainuki siki. Kwenye tyubu huandikwa kwamba haina asidi. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini ndiyo inayofaa kwa bati, saruji, matofali na mbao.

Katika zahanati yetu tulitumia ile ya kwanza juu ya magata ya bati. Mahali ilipogusa, bati lilikuwa limeanza kuota unga mweupe, na chini yake kutu. Hivyo tuliharibu kile tulichotaka kukitunza. Kama huna hakika ni aina gani, kamua kidogo juu ya kipande cha kioo na kunusa. Pua itakuambia.

Jambo lingine: silikoni nyingi za bafuni zimetiwa dawa ya kuzuia ukungu. Hizo zisitumike mahali panapopita maji ya kunywa. Soma maelezo ya tyubu, na utafute iliyoandikwa wazi kuwa inafaa kwa maji ya kunywa.

Mahali inapofaa na mahali isipofaa

Inafaa:

- Kati ya sinki au beseni la kunawia na vigae vya ukutani. Maji yakipenya hapo huozesha mbao za kabati, huleta ukungu, na mende hupata makao. Katika chumba cha kujifungulia hilo si jambo dogo.
- Kwenye kona ya sakafu na ukuta wa bafu lenye vigae.
- Kwenye fremu za madirisha, upande wa nje.
- Ndani ya maungio ya magata ya bati, kwa aina isiyo na asidi.

Haifai:

- Ufa wa tanki la saruji. Maji ya tanki husukuma kwa nguvu saa zote, na ukuta wake una unyevu daima. Ufa mdogo usioendelea kukua huchongwa kwa patasi kuwa mfereji, hulowanishwa, hujazwa mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 3, kisha hufunikwa na kunyeshewa maji kwa siku 7. Ufa unaozidi kupanuka aitwe fundi mwenye ujuzi wa msingi na nguzo.
- Simtanki la plastiki lililopasuka. Silikoni haishiki plastiki ya aina ile, hata usugue vipi. Hiyo ni kazi ya anayechomelea plastiki. Likivuja penye bomba, tazama kwanza mpira na nati ya bomba.
- Ukuta unaopanda unyevu kutoka ardhini. Kuupaka silikoni ni kuyafungia maji ndani ya ukuta.
- Tundu la msumari wa paa lililopanuka. Msumari ule utolewe na kuwekwa skrubu nene zaidi yenye mpira wake. Silikoni iwe msaidizi, isiwe ndiyo tiba.
- Sehemu yoyote inayotakiwa kupakwa rangi juu yake. Rangi haishiki silikoni.

Hatua za kazi

Tunazieleza kwa mfano wa gata la bati, kwa kuwa ndilo lililotufundisha. Kwa sinki na bafu, hatua za 2, 3, 5, 6 na 7 ni zile zile.

1. Tafuta chanzo. Maji hayaonekani yanapoingilia bali yanapotokea. Fanya kazi hii ukiwa na mtu wa kumwaga maji taratibu kwa ndoo kutoka upande wa juu, nawe ukitazama kila ungio.

2. Ondoa silikoni yote ya zamani kwa kisu au wembe. Sugua kutu kwa brashi ya waya na msasa hadi uone bati safi.

3. Futa kwa kitambaa safi chenye spiriti, kisha kwa kitambaa kikavu. Usitumie mafuta ya taa wala dizeli, kwa maana huacha mafuta, na silikoni itateleza. Acha pakauke kabisa. Usifanye kazi hii asubuhi yenye umande wala jioni mawingu yanapojikusanya.

4. Hakikisha bati la upande yanakotoka maji limelala juu ya lile linaloyapokea. Katika zahanati yetu ungio moja lilipandana kinyume, hata maji yalikuwa yakisukumwa kuingia ndani yake. Gata pia liwe na mteremko wa kiasi cha sentimeta 1 kwa kila meta 1 kuelekea kwenye tanki.

5. Kata mdomo wa tyubu kwa mshazari, tundu la milimita 5 au 6. Paka mistari miwili kati ya bati na bati, yaani ndani ya ungio, kisha bana kwa misumari ya ribiti. Silikoni iliyobanwa katikati hukaa. Iliyopakwa juu tu hubanduka. Penye sinki na vigae, bandika tepu ya karatasi pande zote mbili, paka mstari mmoja usiokatika, na uutoe tepu kabla ngozi haijaanza.

6. Lainisha mara moja tu kwa kidole kilichovikwa glavu na kuloweshwa maji ya sabuni. Kurudiarudia kunaivuta silikoni itoke mahali pake.

7. Subiri, kisha jaribu kwa maji. Kazi ambayo haijajaribiwa kwa maji haijakwisha.

Kuhusu nafasi pana: ufa wa upana wa milimita 10 haujazwi silikoni hadi chini. Sindilia kwanza kipande cha sponji, kisha paka silikoni ya kina cha milimita 5 au 6. Silikoni inyumbuke kati ya kuta mbili za ufa. Ikishika na chini pia, haitaweza kuvutika, nayo itachanika.

Kuhusu usalama: fungua madirisha, maana mvuke wa ile ya siki huwasha macho. Ngazi ishikwe na mtu wa pili. Na hakuna mtu kupanda juu ya bati lenye maji.

Hesabu ya vifaa

Tyubu ya kawaida ina mililita 310. Mstari wa upana wa milimita 6 na kina cha milimita 6 hutoka kiasi cha meta 8 na nusu. Gata la upana wa kawaida linalohitaji mistari miwili hutumia chini ya meta moja kwa ungio. Kwa hiyo, tyubu moja ingetosha maungio yetu matatu na kubaki. Angalia tarehe ya mwisho kabla ya kununua, kwa kuwa silikoni iliyopitwa na wakati huenda isikauke vizuri. Iliyofunguliwa usitegemee kuikuta nzima baada ya miezi michache.

Tunaomba wafadhili wetu waitafakari hesabu hiyo. Tanki lilikuwa limegharimu michango ya watu wengi, hapa nchini na ng'ambo. Nusu ya faida yake ilipotea kwa kukosa tyubu moja ya aina sahihi, kipande cha msasa na asubuhi moja ya kazi ya uangalifu.

Kosa lilikuwa la nani?

Ingekuwa rahisi kumlaumu fundi. Lakini fundi alitumia alichopewa, na aliyepaswa kukagua ni mimi. Nilisaini mwezi wa Septemba, chini ya jua kali, pasipo kumwaga hata kopo moja la maji katika gata. Nilitazama tanki kwa sababu tanki ndilo lililokuwa na bango la mradi. Na katika bajeti niliyoiandika mwenyewe hapakuwa na shilingi moja ya matengenezo. Sista aliona mivujo tangu mvua ya kwanza, akamwambia mwenyekiti, mwenyekiti akatafuta fungu la fedha asilione, na jambo likaishia hapo. Kilichokuwa rahisi kuombwa ni tanki jipya, kwa sababu kwa kitu kipya kuna fomu ya maombi.

Maandiko yanalijua tatizo hili. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 12, tunasoma habari za mfalme Yehoashi. Aliagiza fedha zinazoletwa hekaluni zitumike kutengeneza mabomoko ya nyumba ya Bwana. Watu walitoa na makuhani walipokea, lakini hata mwaka wa 23 wa utawala wake mabomoko yalikuwa hayajatengenezwa. Haikuwa kwamba watu hawakutoa. Ndipo kuhani Yehoyada alipochukua kasha, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu, na fedha zake zikawa za kuwalipa mafundi waliotengeneza nyumba. Fungu la matengenezo lilitengwa na mafungu mengine, na likaonekana na wote.

Nasi tulifanya vivyo hivyo kwa udogo wetu. Barua ya tanki la pili haikutumwa. Magata yalifunguliwa, yakasuguliwa, yakafungwa upya na kujaribiwa kwa ndoo mbele ya kamati nzima. Zahanati hutumia kama lita 100 kwa siku. Tanki likiwa limejaa mwishoni mwa Aprili, hutosha siku 200, yaani hadi katikati ya Novemba. Mvua za Dodoma huanza Desemba. Bado kuna majuma machache ya kununua maji, na hatutaficha hilo. Lakini msimu uliofuata akina mama hawakuambiwa waje na ndoo mwezi wa Julai, wala Agosti, wala Septemba.

Tunachowaomba

Kwa kamati za parokia: kila mwaka, mwezi mmoja kabla ya mvua, pangeni siku ya kukagua. Chukueni ndoo, ngazi na daftari. Andikeni kila ungio na hali yake. Mwiteni pia anayekaa na jengo kila siku, awe Sista, mlinzi au mpishi, kwa sababu yeye ndiye anayejua linavyovuja. Tengeni kasha dogo la matengenezo, hata kama ni mchango mdogo wa kila jumuiya.

Kwa wafadhili: mnapopokea ombi la kitu kipya, mtuulize hali ya kile cha zamani. Na mnapotoa kwa ajili ya jengo, ruhusuni sehemu ndogo ya fedha iwe ya kulitunza. Haitakuwa na bango wala picha nzuri, lakini ndiyo itakayolinda sadaka yenu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa karibu kujenga tanki.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika majengo ya parokia yetu, ni wapi maji yanapita pasipotakiwa? Nani aliona kwanza, na alimwambia nani?
2. Je, mara ya mwisho tulipopokea kazi kutoka kwa fundi, tuliijaribu kwa maji?
3. Tuna fungu la matengenezo? Kama hatuna, tunaweza kuanza na kiasi gani mwezi huu?
4. Someni 2 Wafalme 12:4–15. Kwa nini fedha zilikuwepo na kazi haikufanyika? Jambo gani linafanana na hali yetu?

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.